Allan Cormack: Mwanafizikia Aliyesoma Vivuli

Utangulizi

Daraja la Gotu limevuka mto Ewaso Ng'iro katika Kaunti ya Isiolo, kwenye njia itokayo mjini Isiolo kuelekea Merti. Msafiri anayelipita huona kile ambacho jicho limejaliwa kuona: maji, mawe, miti ya kingoni na mifugo iliyoletwa kunywa. Kilicho chini ya mawe hayo, makumi ya kilomita kwenda chini, hakuna jicho lililokifikia wala sururu iliyokichimbua. Hata hivyo, mwaka 1990 watafiti kutoka Kenya, Ulaya na Marekani, katika mradi uliojulikana kwa kifupi kama KRISP, walipanga vinasa mitetemo katika mstari uliotoka Ziwa Victoria, ukakata Bonde la Ufa, ukaenda hadi Maporomoko ya Chanler katika mto huohuo wa Ewaso Ng'iro. Baruti ililipuliwa, mawimbi yakapita ardhini, na kutokana na muda ambao mawimbi hayo yalichukua kufika kwenye vinasa, wataalamu wakachora umbo la miamba ambayo hakuna binadamu atakayeigusa.

Kuchora kitu kisichoonekana kwa kutumia alama zilizoachwa na kile kilichopita ndani yake ni tawi la hisabati lenye historia ya kustaajabisha. Tawi hili ndilo linaloendesha mashine ya CT hospitalini, ile inayomwonyesha daktari ubongo wa mgonjwa bila ya kisu. Makala haya yanasimulia maisha ya mmoja wa waasisi wake, Allan MacLeod Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 na kufariki mwaka 1998.

Huenda msomaji akauliza: mwanafizikia anatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba kisa cha Cormack, zaidi ya kuwa kisa cha mashine, ni kisa cha maandishi na wasomaji wake. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Maisha ya Cormack yanauthibitisha usemi huo na wakati uleule kuutia katika mizani. Alitoka jasho kutatua swali ambalo lilikuwa limekwisha kutatuliwa na kuchapishwa kabla hajazaliwa. Kisha, alipochapisha jibu lake mwenyewe, nalo likakaa bila ya kusomwa kwa miaka mingi. Hoja yetu, basi, ni kwamba maarifa yaliyoandikwa hayaozi, lakini pia hayana miguu. Yanamsubiri msomaji, na gharama ya kusubiri huko hulipwa na watu.

Malezi na masomo

Cormack alizaliwa tarehe 23 Februari 1924 mjini Johannesburg, akiwa kitindamimba wa watoto watatu. Wazazi wake walikuwa wametoka kaskazini mwa Uskoti na kuhamia Afrika Kusini muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Baba yake alikuwa mhandisi katika idara ya posta na mama yake alikuwa mwalimu. Kazi ya baba iliifanya familia ihamehame, hadi mzee huyo alipofariki mwaka 1936. Mjane na wanawe wakatua Cape Town, na huko ndiko kijana Allan alikokulia.

Katika shule ya wavulana ya Rondebosch alipenda midahalo, maigizo na mchezo wa tenisi. Aidha, alivutiwa mno na elimu ya nyota, akasoma vitabu vya wanafalaki Eddington na Jeans. Hata hivyo aling'amua mapema kwamba kutazama nyota si kazi ya kumlisha mtu, akaingia Chuo Kikuu cha Cape Town kusomea uhandisi wa umeme, kazi ya baba yake. Haikuchukua muda akauacha na kuhamia fizikia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1944 na shahada ya uzamili mwaka 1945, akijishughulisha na muundo wa fuwele. Nje ya darasa alipanda Mlima Meza na kusikiliza muziki.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akafanya utafiti katika maabara ya Cavendish chini ya Otto Frisch. Huko alihudhuria mihadhara ya Dirac kuhusu nadharia ya kwanta, na katika mihadhara hiyo akakutana na mwanafunzi wa fizikia kutoka Marekani, Barbara Seavey, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Mapenzi hayakungoja shahada. Cormack hakuwa na fedha za kuoa na kuendelea na masomo kwa pamoja, hivyo akamwandikia barua Profesa R. W. James wa Cape Town kuomba kazi. James, ambaye katika ujana wake alikuwa mwanafizikia wa msafara wa Shackleton kwenda Ncha ya Kusini, alimpa nafasi ya uhadhiri. Mwaka 1950 Cormack alirejea Cape Town akiwa mhadhiri na mume wa mtu, bila ya shahada ya uzamifu. Shahada hiyo hakuipata kamwe.

Ni haki kusema hapa kwamba mlango uliomfungukia Cormack haukuwafungukia wenzake wote wa nchi ile. Chama cha National kilikuwa kimetwaa serikali mwaka 1948 na kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria. Hospitali ya Groote Schuur, ambako jambo kuu la maisha ya Cormack lilitokea, iliwatenga wagonjwa wake kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1959 ikapitishwa sheria ya kuwazuia vijana Waafrika kujiunga na vyuo vikuu kama kile alichofundisha. Ni akili ngapi zilizonyimwa karatasi na kalamu katika miaka hiyo? Anayesimulia maisha ya mwanasayansi wa zama hizo bila ya kulitaja hilo huwa amechora upande mmoja tu wa picha.

Siku moja na nusu kwa juma

Mwaka 1955 mwanafizikia wa Groote Schuur alijiuzulu. Sheria ya nchi ilidai kwamba matumizi ya isotopu nururifu hospitalini yasimamiwe na mwanafizikia aliyehitimu, na mjini Cape Town mtaalamu wa fizikia ya viini alikuwa Cormack pekee. Akaombwa kujishikiza kwa siku moja na nusu kila juma katika nusu ya kwanza ya mwaka 1956. Akakubali.

Alipewa nafasi katika idara ya mionzi, na humo aliona jinsi matibabu ya saratani yalivyopangwa. Madaktari walielekeza miale kwenye uvimbe kwa kufuata chati zilizoonyesha kiasi cha mionzi kitakachofika kila mahali mwilini. Chati hizo ziliuchukulia mwili kama kitu cha aina moja, mithili ya mtungi wa maji. Cormack alijua, kama anavyojua kila mchinjaji, kwamba mwili si hivyo. Mfupa huumeza mwale kuliko nyama, na pafu lililojaa hewa huupitisha kwa wepesi. Mwale unaopita mfupani hufika kwenye uvimbe ukiwa umepungukiwa, na ule unaopita pafuni hufika na nguvu ya ziada. Bila ya ramani ya ufyonzaji wa miale ndani ya mwili, mpango wa matibabu ulikuwa wa kubahatisha.

Ramani hiyo ingepatikana vipi bila ya kumpasua mgonjwa? Picha ya kawaida ya eksirei haikutosha, kwani ni kivuli. Mbavu, moyo, mapafu na uti wa mgongo vyote hulaliana katika karatasi moja, na aliye mbele hajulikani na aliye nyuma. Cormack alitambua kwamba kila mwale unaotoka upande wa pili wa mwili hubeba habari moja tu, nayo ni jumla. Ukipima nguvu ya mwale kabla ya kuingia na baada ya kutoka, hesabu ya logi hukupa jumla ya ufyonzaji wote uliotokea njiani. Mwale haukuambii ni sehemu ipi iliyofyonza nini. Swali likawa hili: je, jumla nyingi zilizopimwa kwa njia nyingi zinaweza kurudisha thamani ya kila nukta?

Mfano wa zizi

Ili swali hili lieleweke kwa msomaji asiye mwanahisabati, na tuchukue zizi la mbuzi lililogawanywa vyumba vinne: viwili mbele na viwili nyuma. Mgeni haruhusiwi kuingia. Anaambiwa tu kwamba vyumba vya mbele vina jumla ya mbuzi 7 na vya nyuma mbuzi 11. Anaambiwa tena kwamba vyumba vya kushoto vina mbuzi 9 na vya kulia mbuzi 9. Je, anaweza kujua kila chumba kina mbuzi wangapi?

Hawezi. Huenda mbele kuna 3 na 4, na nyuma 6 na 5. Lakini mbele 2 na 5, nyuma 7 na 4, nako kunatoa jumla zilezile. Kwa pande mbili tu, mazizi mengi tofauti hutupa kivuli kimoja. Sasa na aambiwe habari ya tatu, iliyopimwa kwa mshazari: chumba cha mbele kushoto pamoja na cha nyuma kulia vina mbuzi 8. Hapo shaka inakwisha. Akijumlisha mistari mitatu inayopita chumba cha mbele kushoto, yaani 7, 9 na 8, anapata 24. Mbuzi wote ni 18. Ile ziada ya 6 imetokea kwa sababu chumba hicho kimehesabiwa mara mbili zaidi ya vingine, hivyo kina mbuzi 3. Vilivyobaki vinajitokeza vyenyewe: 4, 6 na 5.

Fundisho la zizi ni kwamba idadi ya vipimo peke yake haitoshi. Muhimu zaidi ni pembe mpya. Kupima tena upande uleule hata mara mia hakuongezi habari, ilhali mstari mmoja wa mshazari unaweza kuumaliza ubishi. Mwili wa binadamu, bila shaka, hauna vyumba vinne, bali nukta zisizo na idadi, na swali la Cormack lilihitaji hisabati ya kiwango cha juu zaidi. Lakini mzizi ni huo.

Alumini, mbao na kigingi kilichojificha

Cormack alidhani swali la msingi kama hili lazima liwe lilijibiwa na wanahisabati wa karne ya 19. Alitafuta katika maandishi, asipate. Basi akaketi kulitatua mwenyewe. Baadaye mwaka huohuo alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa likizo ya utafiti, na huko Chuo Kikuu cha Tufts, kilicho jirani, kikampa kazi. Kabla ya kuhamia huko mwaka 1957, alirudi Cape Town kwa miezi kadhaa na kuitumia kufanya jaribio lake la kwanza.

Vifaa vilikuwa duni. Alitumia chanzo cha miale ya gama ya kobalti, kipima miale, na kielelezo cha duara chenye alumini katikati na mbao pembeni. Kwa kuwa kielelezo kilikuwa cha duara kamili, pembe zote zilitoa kipimo kimoja, na hesabu ikawa nyepesi. Majibu yalikubaliana na matarajio isipokuwa mahali pamoja. Katikati kabisa ya alumini, hesabu ilionyesha ufyonzaji tofauti kidogo na ule wa alumini iliyopazunguka. Mtu mwingine angeilaumu mashine. Cormack akaenda kuuliza katika karakana, na huko akaambiwa kwamba kisahani kile kilikuwa na kigingi cha alumini ya aina nyingine katikati yake. Hesabu ilikuwa imemfichulia mtungaji wake jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Kwa ufundi unaodai kuona kisichoonekana, hakuna ushahidi unaozidi huo.

Johann Radon na karatasi za Leipzig

Hapa yatupasa tuache njia kidogo ili tumtazame mtu mwingine. Johann Radon alizaliwa tarehe 16 Desemba 1887 huko Tetschen, Bohemia, mji ambao leo unaitwa Děčín nchini Ucheki. Alisoma Chuo Kikuu cha Vienna na kupata shahada ya udaktari mwaka 1910. Mwaka 1917, huku Ulaya ikiteketea vitani, aliwasilisha makala kwa chuo cha wanazuoni cha Saksonia, mjini Leipzig. Humo alithibitisha kwamba ikiwa jumla za thamani kwenye mistari yote inayokata eneo zinajulikana, thamani ya kila nukta ya eneo hilo inaweza kupatikana, na akatoa kanuni ya kuipata. Swali la Cormack lilikuwa limejibiwa miaka 7 kabla ya kuzaliwa kwake.

Radon hakuwa akiwaza hospitali. Lilikuwa swali la hisabati tupu, na makala hayo, yaliyoandikwa kwa Kijerumani katika taarifa za chuo hicho, yakahifadhiwa kwenye maktaba. Mwandishi wake aliendelea na safari ngumu ya maisha: alifundisha Hamburg, Greifswald, Erlangen na Breslau, akafiwa na wanawe wa kiume wote watatu, akaukimbia mji wa Breslau vita vilipokuwa vikiisha mwaka 1945, kisha akarejea Vienna na kuwa mkuu wa chuo kikuu chake cha awali. Alifariki tarehe 25 Mei 1956.

Msomaji na aitazame tarehe hiyo. Mzee aliyekuwa na jibu alifukiwa Vienna katika miezi ileile ambayo kijana mwenye swali alikuwa akiingia na kutoka Groote Schuur. Hawakujuana. Cormack alipata habari za makala ya mwaka 1917 takribani miaka 14 baada ya kuanza kazi yake. Wala hakuwa peke yake gizani. Mwaka huohuo wa 1956 Ronald Bracewell alitatua swali hilohilo kwa ajili ya kuchora ramani za jua kwa mawimbi ya redio, na mwaka 1958 watafiti wa Kyiv wakalitatua tena kwa ajili ya eksirei. Kila mmoja alichimba kisima chake, na maji yalikuwa mamoja.

Makala yasiyojibiwa

Akiwa Tufts, Cormack alijishughulisha zaidi na fizikia ya chembe, na suala la picha akaliweka kwa ajili ya saa za ziada. Mwaka 1963 alilirudia. Safari hii kielelezo chake cha alumini na plastiki hakikuwa cha duara kamili, hivyo alilazimika kukipima kwa pembe nyingi na kuikabidhi hesabu kwa kompyuta. Picha ikatoka. Alichapisha nadharia na matokeo katika jarida la fizikia tumizi mwaka 1963 na 1964.

Kilichofuata ni kimya. Barua iliyobaki katika kumbukumbu zake ilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji, kilichotaka kujua kama njia hiyo ingesaidia kupima theluji iliyolala milimani. Hospitali hazikuandika. Cormack akarudi kwenye chembe zake.

Nchini Uingereza, mhandisi wa kampuni ya EMI aitwaye Godfrey Hounsfield, mzaliwa wa mwaka 1919, alianza mwaka 1967 kulishughulikia jambo hilohilo kwa njia yake, bila ya habari za Radon wala Cormack. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku 9 kukusanya vipimo vya picha moja. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mashine yake ilimpima mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani. Kutokana na vipimo 28,800 ikatoka picha ya visanduku 80 kwa 80, na uvimbe ukaonekana. Kwa mara ya kwanza ubongo wa mtu aliye hai ulikuwa umetazamwa kwa vipande, kama mkate uliokatwa, na mwenyewe akaondoka mzima.

Mwaka 1979 Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba ilitolewa kwa Cormack na Hounsfield kwa pamoja. Mmoja alikuwa mwanafizikia na mwingine mhandisi. Hakuna kati yao aliyekuwa tabibu, wala aliyekuwa na shahada ya uzamifu. Wanafunzi wa uzamili wanaosoma makala haya wasilifanye hili kuwa kisingizio cha kuacha tasnifu, lakini wasilisahau pia.

Miaka ya mwisho

Cormack alikuwa amechukua uraia wa Marekani mwaka 1966 na kuongoza idara ya fizikia ya Tufts kati ya 1968 na 1976. Baada ya mashine za CT kuenea alirudi kwa bidii kwenye hisabati iliyo nyuma yake, akiipanua kanuni ya Radon hadi kwenye mikunjo na maumbo mengine. Hakumwonea Radon kijicho. Katika mhadhara wake wa kupokea tuzo alimtaja waziwazi kuwa ndiye aliyetangulia. Mwaka 1990 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Alifariki kwa saratani tarehe 7 Mei 1998 huko Winchester, Massachusetts, akiacha mjane na watoto watatu. Ugonjwa ambao matibabu yake yalimfanya aulize swali la maisha yake ndio uliomwondoa duniani. Mwaka 2002 Afrika Kusini, sasa ikiwa huru, ilimtunuku Nishani ya Mapungubwe.

Kutoka hospitalini hadi Ewaso Ng'iro

Kanuni inayomhudumia mgonjwa inaihudumia ardhi pia. Badala ya mwale, chukua wimbi la tetemeko. Badala ya ufyonzaji, chukua muda. Wimbi hukawia linapopita katika mwamba wenye joto na hukimbia katika mwamba baridi na mgumu, hivyo muda wa safari nzima ni jumla ya ucheleweshaji wote wa njiani. Mawimbi ya matetemeko ya mbali yaliyonaswa na mradi wa KRISP yalionyesha kwamba chini ya Bonde la Ufa mawimbi huenda polepole kuliko chini ya kingo zake. Wanajiolojia husoma humo alama ya joto linalopanda kutoka chini. Tofauti na mgonjwa kitandani, dunia haizunguki mbele ya mashine, na mawimbi yake hujipinda. Mtafiti hutumia pembe anazopewa na matetemeko, na picha huwa na ukungu pale ambapo pembe zimepungua.

Kwetu sisi wa fasihi, haya si mageni. Chukua kisa cha Fumo Liyongo. Hakuna aliyemwona. Tunacho kivuli chake katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwanzoni mwa karne ya 20, na vivuli vingine katika nyimbo na masimulizi ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Kila simulizi ni jumla iliyopita katika kinywa, mji na zama fulani. Mtafiti anayekusanya wasimulizi kumi wa mtaa mmoja amepima zizi upande mmoja mara kumi. Anayemtafuta msimulizi wa mji mwingine, wa jinsia nyingine au wa lahaja nyingine ndiye anayeupata mstari wa mshazari. Hatudai kwamba fasihi simulizi ni hisabati, kwani msimulizi, tofauti na mwale, huongeza chake kwa makusudi. Tunadai tu kwamba nidhamu ya kutafuta pembe mpya ni moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba Allan Cormack alitatua swali zito kwa siku moja na nusu za juma, kwa vifaa duni, katika mji uliokuwa mbali na vituo vikuu vya sayansi vya zama zake. Hilo ni la kutia moyo. Tumeona pia kwamba jibu lilikuwa limelala Leipzig tangu mwaka 1917 na kwamba jibu lake mwenyewe lililala kwenye jarida tangu mwaka 1963. Hilo ni la kutia simanzi, kwani kati ya 1963 na 1971 wako wagonjwa waliopasuliwa vichwa ili kutafutwa uvimbe ambao kivuli kingeuonyesha. Kwa Radon hatuwezi kulaumu, maana mwaka 1917 hapakuwa na kompyuta ya kuitekeleza kanuni yake. Kwa Cormack kompyuta ilikuwapo. Kilichokosekana ni msomaji.

Maktaba za vyuo vyetu zimejaa tasnifu za Kiswahili ambazo, baada ya kutahiniwa, hufunguliwa na vumbi tu. Humo mna lahaja zilizorekodiwa, istilahi zilizoundwa na masimulizi ya wazee ambao hawapo tena. Mwanafunzi anayeanza utafiti bila ya kuzipitia hurudia kazi iliyokwisha kufanywa, na lugha hulipa mara mbili. Chama chetu hakina uwezo wa kununua mashine ya CT, lakini kina uwezo wa kuandaa faharasa ya tasnifu hizo, kuchapisha ikisiri zake katika kurasa hizi, na kumtaka kila mwanachama asome angalau moja kabla ya kuandika yake. Akiba haiozi, lakini sharti awepo anayejua ilikowekwa.